Kipunji wa Rungwe na mkaa wa futari yetu



Mzazi mmoja wa hapa Mwanjelwa ametuletea swali ambalo kwanza lilituchekesha, kisha likatufanya tukae chini tusome. Mwanawe aliye darasa la sita amerudi kutoka shuleni akisema kwamba kule Rungwe yupo kima aitwaye kipunji, na kwamba kima huyo mama yake ni nyani. Mzazi anauliza mambo mawili. Je, maneno hayo ni ya kweli au ni mzaha wa watoto? Na la pili, ambalo tunadhani ndilo hasa lililomleta: inatuhusu nini sisi watu wa mjini, tunaoamka na kulala na hesabu za soko, habari ya kima wa msituni ambaye wala hatumli?

La kwanza tutalijibu kwa urefu, kwa kuwa lina utamu wake. La pili lina uchungu kidogo, nalo litafuata.

Tuanze na mahali penyewe. Basi la Tukuyu likitoka Mbeya, likapita Uyole na kupanda kuelekea Isyonje, haichukui muda abiria huanza kuona ubavu wa Mlima Rungwe, wenye kimo cha mita 2,961. Wengi wetu tumepita njia hiyo mara zisizo na idadi, tukiwa tumesinzia au tukijadiliana bei ya ndizi. Mashariki ya mlima upo msitu wa Livingstone, ambao sasa umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, ile inayoitwa Bustani ya Mungu kwa ajili ya maua yake. Ni misitu ya mvua na ukungu, yenye miti iliyovikwa kuvumwani na mianzi iliyosongamana, na yapo majira ambayo baridi ya usiku hushuka chini ya nyuzi sifuri. Humo, kati ya mita 1,750 na mita 2,450 juu ya usawa wa bahari, ndimo anamoishi kipunji.

Ni kima mkubwa kiasi. Mwili wake, bila kuuhesabu mkia, hukaribia sentimita 90. Manyoya yake ni marefu, ya rangi ya kahawia iliyochanganyika na kijivu, kama kwamba alijua atakaa wapi akavaa koti mapema. Uso ni mweusi, tumbo na ncha ya mkia vimepauka kukaribia weupe, na juu ya kichwa ana ushungi wa nywele zilizosimama. Mlio wake haufanani na wa kima mwingine yeyote wa nchi hii: ni kama honi iliyokatizwa na mbweko wa mbwa. Hula matunda, majani machanga, maua, mbegu, magamba ya miti, hata kuvumwani na wadudu. Miti na mimea anayoila imehesabiwa ikapita aina 100.

Mnyama wa ukubwa huo, mwenye kelele za namna hiyo, anayeishi mwendo mfupi kutoka barabara kuu iendayo Malawi, hakuwa ameandikwa katika kitabu chochote cha elimu ya wanyama hadi miaka ishirini na kitu iliyopita. Lakini wenye msitu wao walimjua. Jina kipunji si la wataalamu, ni la Wanyakyusa. Mwaka 2003 watafiti wa Shirika la Uhifadhi wa Wanyamapori la WCS, wakiongozwa na Tim Davenport, walikuwa wakizunguka vijiji vya Rungwe wakiwauliza wawindaji ni wanyama gani waliomo msituni. Wakatajiwa kipunji. Tabu ilikuwa kwamba katika simulizi hizo wanyama wa kweli walichanganyika na viumbe wa hadithi na mizimu, na mgeni hakuwa na njia ya kupambanua mara moja kipi ni kipi. Watafiti hawakuyatupa maneno hayo, wala hawakuyaandika kuwa ni kweli. Waliingia msituni wakatafuta. Walianza kumwona kwa kumchungulia tu, kivuli kikikimbia matawini, hata ilipofika Desemba 2003 wakamwona wazi na kutambua kwamba mbele yao yupo kima asiyepata kuandikwa.

Waliosoma elimu ya hadithi watautambua mwendo huu. Habari haikataliwi kwa kuwa msimulizi hana cheo, wala haipokelewi kwa kuwa inapendeza masikioni. Humtazama aliyeisema, ikatazamwa njia iliyopitia, kisha ikatafutiwa shahidi wa pili. Na shahidi wa pili alipatikana kwa namna ambayo hakuna aliyeipanga. Mwezi Julai 2004, watafiti wengine kabisa, akiwamo Trevor Jones, walikuwa katika msitu wa Ndundulu kwenye milima ya Udzungwa, upande wa Iringa. Nao wakamwona kima wasiyemjua. Kutoka Rungwe hadi Ndundulu ni kiasi cha kilomita 350, na makundi haya mawili ya watafiti hayakuwa na habari ya ugunduzi wa wenzao hadi Oktoba mwaka ule. Walipokutanisha maelezo wakaona wanazungumza juu ya mnyama mmoja. Mei 2005 wakamtangaza kwa pamoja katika jarida la kisayansi la Marekani liitwalo Science.

Hapa tunaomba ruhusa ya kuchepuka kidogo, maana jirani zetu wa Iringa hawapewi haki yao katika mambo haya. Msitu huo huo wa Ndundulu ndio uliowapa wataalamu, mwaka 1991, kwale ambaye hakuwa akijulikana. Inasimuliwa kwamba kilichowashtua watafiti wa Kidenmaki ni miguu ya ndege iliyokuwa ikielea ndani ya sufuria ya mchuzi kambini. Mpishi alimjua kwale huyo vizuri sana. Baadaye ikaonekana kwamba jamaa zake wa karibu zaidi si kwale wa Afrika, bali ni wa misitu ya Asia. Kwa hiyo akina mama wanaosoma ukurasa huu wasidharau kitu kinachopita jikoni kwao.

Turudi kwa kipunji na mama yake.

Mwaka 2005 kima huyu alipewa jina la kitaalamu kwa kutegemea picha na maelezo tu. Desturi ya wataalamu ni kuweka makumbusho mwili wa mnyama mmoja uwe ushahidi, lakini hawa walikataa kumuua kipunji kwa ajili hiyo, kwa sababu walishaona kwamba ni wachache. Kwa umbo lake wakamweka katika ukoo wa kima waitwao mangabe. Miezi michache baadaye, Agosti 2005, kipunji dume ambaye hajakomaa alikutwa amekufa katika mtego wa mkulima pembezoni mwa Rungwe, ndani ya shamba la mahindi. Mkulima yule hatumlaumu. Mtu aliyepalilia mahindi yake tangu Desemba hana sababu ya kumkaribisha kima, na mtego hauchagui. Mwili ule ulihifadhiwa, na sehemu yake ikachunguzwa Marekani na wataalamu wakiwamo wa makumbusho ya Field ya Chicago.

Kilichopimwa ni vinasaba. Neno hili tunalisikia zaidi katika kesi za matunzo ya watoto, mpaka watu wamedhani ni kipimo cha aibu. Tulitazame lenyewe: limetoka katika nasaba. Ndani ya kila chembe hai ya mwili yamo maandishi yanayorithiwa kutoka kwa wazazi, na mwenye kuyasoma huweza kueleza nani ni ndugu wa nani, na udugu huo ni wa karibu au wa mbali. Sisi tunaotunza daftari la ndoa la msikiti tuna kazi inayofanana na hiyo kwa udogo wake. Mtu akija kuoa, tunauliza baba ni nani, mama ni nani, nani walinyonya pamoja. Uso hautoshi, maana watu wasiohusiana hufanana na ndugu wa damu wakapishana kama usiku na mchana.

Kwa kipunji uso haukutosha pia. Umbo lilisema mangabe, vinasaba vikasema kwamba jamaa yake wa karibu zaidi ni nyani. Lakini fuvu lake si la nyani, na maisha yake ya juu ya miti si ya nyani. Basi mwaka 2006 wataalamu wakaona hafai kuwekwa huku wala kule, wakampa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, jina lililochukuliwa kwenye mlima wetu. Ilikuwa ni jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika tangu mwaka 1923.

Mwaka 2009 jambo likazidi kuwa la ajabu. Yapo maandishi ya nasaba ambayo mtoto huyapata kwa mama peke yake. Yamo katika sehemu ya chembe hai iitwayo mitokondria, na baba, hata awe shababi wa namna gani, hana mchango humo. Binti huyachukua kwa mama yake, naye humpa bintiye, ukawa mnyororo wa wanawake watupu kurudi nyuma maelfu ya miaka. Yaliposomwa maandishi hayo kwa kipunji wa Rungwe, yakakutwa yamo ndani kabisa ya ukoo wa nyani wa sehemu hizi za kusini, kana kwamba wote ni wajukuu wa bibi mmoja. Mwaka uliofuata yakasomwa ya kipunji wa Ndundulu. Wa Ndundulu hawakuwa nayo.

Maelezo ambayo wataalamu wameyaona kuwa na nguvu ni haya. Zamani sana, kabla ya kijiji chochote tunachokijua, nyani jike alizaa na dume wa kipunji upande wa Rungwe. Mabinti waliozaliwa wakabaki na kipunji, wakazaa na madume wa kipunji, na mabinti zao vivyo hivyo. Kizazi baada ya kizazi damu ya nyani ikapungua mwilini, umbo likarudi kuwa la kipunji, lakini ile alama ya mama haikupungua, kwa sababu yenyewe haichanganyiki. Ndundulu hilo halikutokea. Kwa hiyo mwambieni mtoto wa darasa la sita kwamba mwalimu wake, au yeyote aliyemwambia, amepatia. Asahihishe moja tu: si mama yake, ni bibi wa mabibi zake, tena kwa wale wa Rungwe peke yao.

Baadhi ya watu wakisikia hivyo husema, ala, kumbe ni chotara tu, wa nini kuhangaika naye? Sisi tunaona kinyume. Vipimo hivi vimeonyesha kwamba kipunji wa Rungwe na kipunji wa Ndundulu wametengana muda mrefu kiasi cha kila upande kuwa na historia yake. Hakuna akiba. Upande mmoja ukipotea, haiwezekani kusema kwamba wengine wapo kule, tutachukua wawili watatu tujaze pengo.

Na idadi yao ni ndogo. Baada ya saa zaidi ya 2,800 za kutembea msituni, mwaka 2008 ilitolewa hesabu ya kwanza: kipunji wote duniani walikadiriwa kuwa 1,117. Kati yao 1,042 walikuwa Rungwe na Livingstone, katika makundi 34. Waliobaki 75 walikuwa Ndundulu, katika makundi manne. Eneo lote wanaloishi, ukiliunganisha, halikufika kilomita za mraba 18. Watu 1,117 ni wa kuswali Ijumaa katika msikiti mmoja mkubwa wa mjini. Wale 75 wa Ndundulu hawajazi safu mbili.

Kwa nini uchache uwe hatari, maadamu wanazaana? Hapa elimu ya vinasaba inatoa jibu ambalo macho hayalioni. Kila mnyama amebeba baadhi tu ya maandishi ya ukoo wake: huyu ana kinga ya maradhi fulani, yule huvumilia baridi zaidi, mwingine husaga majani ambayo wenzake yanawadhuru. Wakiwa wengi, anayekufa bila mtoto haachi pengo, kwa kuwa alichobeba kimo kwa wengine. Wakiwa wachache, kila kizazi kitu fulani hupotea kwa bahati tu, bila kosa la yeyote, na kilichopotea hakirudi. Tunaliona hata katika daftari zetu. Yapo majina ya ukoo yaliyoandikwa mara nyingi na makatibu waliotutangulia ambayo leo hayapo tena Mwanjelwa. Watu hawakuangamia, ila huyu alizaa mabinti watupu, yule hakujaaliwa mtoto, na wa tatu alihamia Tunduma. Juu ya hayo, wachache waliofungiwa pamoja hufika mahali wakawa wote ni ndugu, na ndugu wa karibu mno wakizaana kizazi baada ya kizazi, maradhi yaliyojificha huanza kujitokeza. Tusieleweke vibaya: hatuzungumzii ndoa za watoto wa ammi, ambazo tumeruhusiwa na ambazo hatuna nia ya kuzifungulia mjadala katika safu hii. Tunazungumzia kima 75 wasio na pa kwenda.

Dawa ya hali hiyo haiko maabara. Ipo katika miti. Kipunji ni mnyama wa juu. Hupita kutoka tawi hadi tawi, na msitu unapokatika akakuta uwazi wenye mashamba, mbwa na mitego, kwake ni kama amefika ukingo wa ziwa. Akishuka chini chui yupo, na akijianika juu ya mti uliosimama peke yake, tai yupo. Ndiyo maana watafiti wa makazi yake waliutilia mkazo mno ukanda mwembamba wa Bujingijila, unaounganisha msitu wa Mlima Rungwe na ule wa Livingstone. Ni ushoroba, neno ambalo watu wa uhifadhi wamelichukua kwa maana ya njia ya wanyama. Miti ilikuwa imekatwa humo, na njia ikakaribia kuzibika. Kazi ya kuurudisha kwa kupanda miti ya asili imekuwa ikifanywa pamoja na vijiji jirani, na tunaijali kuliko vipimo vyote tulivyovieleza, kwa sababu dume kijana anayetoka Rungwe akafika salama Livingstone amebeba mwilini mwake kile ambacho hakuna maabara inayoweza kukitengeneza. Serikali nayo ilikuwa imeifanya Kitulo kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na mwaka 2009 Mlima Rungwe ukatangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia.

Matunda yake yanaonekana. Mwaka 2008 kipunji aliandikwa katika daraja la walio hatarini mno kutoweka duniani. Hesabu iliyorudiwa zaidi ya miaka kumi baadaye katika misitu ya Rungwe na Kitulo ilionyesha kwamba wameongezeka, na sasa ameteremshwa daraja moja, akawa hatarini bila ile "mno". Wapo watakaosema ni neno moja tu. Kwa kima anayezaa mtoto mmoja mmoja, neno hilo limewachukua walinzi, wanavijiji na watafiti zaidi ya miaka kumi ya kazi.

Pengine msomaji atasema: kama shida ni uchache, si wachukuliwe wafugwe mahali salama? Jibu liko hapa hapa Udzungwa, katika korongo la Kihansi. Mwaka 1996 aligunduliwa pale chura mdogo wa rangi ya dhahabu, asiyetaga mayai bali huzaa watoto kamili, aliyekuwa akiishi katika manyunyu ya maporomoko ya maji na si mahali pengine popote ulimwenguni. Mwaka 2000 maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yakapungua. Mwishoni mwa mwaka huo vyura 499 wakachukuliwa kwenda kufugwa Marekani, na hilo liliwaokoa, kwa kuwa waliobaki walipatwa pia na maradhi ya ukungu wa ngozi, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo hata mmoja. Walizaana ughaibuni, wakarudishwa Tanzania, na tangu mwaka 2012 wamekuwa wakirejeshwa korongoni. Lakini ili warejeshwe ilibidi kwanza kutandaza mabomba ya kunyunyizia maji mahali ambapo zamani Mwenyezi Mungu alinyunyiza bure. Umeme tunaouwasha usiku una sehemu yake humo, nasi hatusemi usizalishwe. Tunasema kufuga si njia ya mkato: ukishamwokoa mnyama bila mahali pake, umebaki na deni la kupajenga upya mahali hapo, na kwa kima anayekula mimea zaidi ya aina 100 juu ya miti mirefu ya mlimani, hatumjui fundi wa kulilipa deni hilo.

Sasa swali la pili la mzazi wetu. Inatuhusu nini?

Watafiti walipoorodhesha adui wa misitu ya Rungwe na Livingstone walitaja uwindaji, ukataji wa mbao na uchomaji wa mkaa. Nyama ya kima si chakula chetu, kwa hiyo la kwanza wengi wetu tutalipita kwa kifua mbele. Lakini mkaa? Ni kweli kwamba mkaa mwingi unaouzwa Mbeya hutoka kwenye mapori makavu ya upande wa Chunya, si mlimani. Muuzaji anayepima kwa kopo hajui gunia lilitoka wapi, na mnunuzi haulizi. Gunia halina nasaba. Mkaa wa mti wa msitu wa mvua na mkaa wa mti wa pori ukishaungua ni weusi ule ule.

Jambo hili limetugusa kamati yetu mahali pasipotarajiwa, yaani kwenye masufuria ya futari. Serikali iliagiza kwamba taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024. Shule na magereza ndivyo vilivyotajwa zaidi midomoni mwa watu, lakini mwezi wa Ramadhani wanaofuturu uani kwetu hupita idadi hiyo siku nyingi. Tulipoleta suala la kununua majiko makubwa ya gesi, wajumbe waligawanyika. Mzee mmoja alisema fedha za mfuko wa futari zilitolewa na watu ili wenye njaa wale, si ili kulinda kima, na kugeuza nia ya mtoaji ni jambo zito. Neno lake lina uzito na hatukulichukulia kwa wepesi. Mwingine akajibu kwamba aliyetoa ngano hakukusudia iokwe kwa moto ulioibwa, na kwamba gunia la bei rahisi linaloletwa alfajiri bila kibali lina mwenyewe aliyedhulumiwa, hata kama mwenyewe huyo ni mlima.

Akina mama wanaopika walikuwa na hoja yao, na kusema kweli ndiyo iliyotushughulisha zaidi. Walisema pilau ya watu 150 haiivi kwa moto wa chini peke yake. Lazima upalie makaa juu ya mfuniko, la sivyo chini kunaungua na juu kunabaki mchele. Je, kamati imelifikiria hilo, au wanaume wameamua mambo ya sufuria wasilolifunua? Hatukuwa na jibu siku ile. Tumekwisha kutuma watu wawili, mmoja wao ni miongoni mwa mama hao hao, waende kwenye shule moja ya bweni ya hapa mjini iliyokwisha kuhamia gesi, wakaone wali unavyopikwa, wakaulize mtungi mmoja unamaliza siku ngapi, na wakajaribu kuivisha sufuria moja mbele ya macho yao.

Taarifa yao itasomwa katika kikao cha kamati cha Jumapili ya pili ya mwezi ujao, baada ya swala ya alasiri, na wazazi wa madrasa wamealikwa kuhudhuria. Katika kikao hicho itajadiliwa pia safari ya watoto kwenda Rungwe wakati wa likizo. Watakaojiandikisha waje na sweta nzito, na wasiahidiwe kwamba watamwona kipunji. Kumsikia, wanaweza.